Siku ya Kwanza Katika Mji wa Ugenini

Masomo: Mathayo 26:69–75, Yohana 21:9–17, Matendo ya Mitume 2:5–11



Huu ndio wakati ambao vijana wetu wengi wamaliza masomo yao. Katika nyumba za Masasi na Newala mama afunga mizigo, baba ahesabu fedha ya korosho iliyobaki, na kijana mwenye cheti kipya halali usiku, kwa maana asubuhi ataondoka na rafiki zake kwenda kuuona mji asioujua. Zamani safari ya namna hii ilikuwa ya siku nyingi; leo basi laondoka Masasi alfajiri, na jioni abiria waziona taa za Dar es Salaam. Wengine hawaishii hapo. Wafika Nairobi, na Maskati, na hata Ulaya. Furaha yao ni halali. Mungu ndiye aliyeiumba dunia pana, wala si dhambi kwa kijana kutaka kuiona. Lakini nataka kusema nao habari ya siku moja tu, yaani siku ya kwanza. Kwa maana siku ya kwanza katika mji wa ugenini mtu huulizwa swali moja, naye hulijibu kabla hajapata kufikiri. Swali lenyewe ni hili: Wewe u mtu wa nani?

Simoni Petro aliulizwa swali hilo katika mji wa Yerusalemu. Tumezoea kumfikiri Petro kuwa mtume mkuu, tukasahau ya kuwa katika mji ule alikuwa mgeni. Kwao ni Galilaya, kando ya ziwa, kati ya nyavu na mashua, na wakubwa wa Yerusalemu waliwadharau Wagalilaya. Usiku ule alikaa uani kwa kuhani mkuu, akiota moto pamoja na watumishi. Hakuna askari aliyemwekea upanga shingoni. Alikuwa kijakazi tu, aliyemtazama akamtaja kuwa mwenzake Yesu. Na Petro akakana. Akatajwa tena, akakana tena. Mara ya tatu waliosimama karibu wakamwambia kwamba ubishi wake ni bure, kwa sababu matamshi yake yamekwisha kumshitaki. Ndipo akaapa.

Angalieni vema, ndugu. Petro hakuweza kumficha Bwana wake bila kukificha Kigalilaya chake. Alitaka waliouzunguka ule moto wamwone kuwa mmoja wao. Na kwa ajili ya hayo alimkana Yesu, na kwao, na rafiki zake, kwa neno moja.

Mimi niandikaye haya naijua njia hiyo, maana nimeipita. Miaka mingi nimewafundisha wengine habari za Petro bila kusema za kwangu. Sasa nimekuwa mzee, na yanipasa kuzisema.

Mwaka 1978 tulikuwa vijana watatu tuliopewa vyeti vya ualimu siku moja. Mimi ni Mmakonde wa upande wa Newala; wa pili alikuwa Mmakua wa Masasi; wa tatu Myao, naye wa Masasi pia. Tukaweka pamoja fedha yetu kidogo, tukashuka uwanda wa juu wa Makonde kwa lori mpaka Mtwara, tukapanda meli hata Dar es Salaam, na kutoka huko tukavuka kwenda Unguja. Nchi ilikuwa imeungana tangu mwaka 1964, lakini wakati ule mtu wa bara hakuingia Unguja ila kwa hati ya kusafiria. Tulipozitoa hati zetu bandarini tulijiona kweli tumefika ng'ambo.

Walitupokea vijana wawili wa mjini, jamaa za mtu tuliyesoma naye. Walikuwa wapole, na Kiswahili chao kilikuwa kitamu kukisikia. Wakatutembeza Forodhani, wakatuonyesha Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo ilianguka mwaka 2020. Lakini siku ile lilikuwa limesimama zima, nasi tukainua shingo mpaka zikauma. Tukapita katika vichochoro vyembamba, tukaigusa milango mikubwa yenye misumari ya shaba. Nami kila nilipotaka kusema neno nililipima kwanza mdomoni, nisije nikachekwa. Hata ilipokaribia adhuhuri nilikuwa nasema kama wao, au nalidhani nasema kama wao.

Karibu na soko la Darajani aliketi mwanamke mzee, mbele yake sinia la muhogo wa kuchemsha. Mdomoni alikuwa na ndonya, na usoni nembo, kama walivyokuwa nazo bibi zetu. Nami nina chale mbili ndogo shavuni, nilizochanjwa utotoni. Akaziona. Akaweka chini kisu chake, akaniamkia kwa Kimakonde, kwa sauti kuu ya furaha, hata watu wakageuka. Akasema kwamba aliondoka kwao angali msichana, yeye na mumewe, kwa jahazi kutoka Mikindani, wakaja kufanya kazi ya karafuu. Mumewe amekwisha kufa, naye hajarudi kwao tena. Akakitaja kijiji chake. Nalikijua kijiji kile. Kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi moja. Akamtaja na ndugu yake, akaniuliza kama yu hai.

Vijana wa mjini wakanitazama, wakatabasamu, wakangoja. Mmoja akaniuliza, “Bibi huyu asemaje? Ni mtu wa kwenu?”

Nikajibu, “Simjui. Lugha hiyo siifahamu. Mimi nimekulia Dar es Salaam.”

Nalisema kwa Kiswahili, naye akasikia. Akanitazama kitambo. Kisha akakiokota kisu chake, akasema polepole, naye kwa Kiswahili, “Basi niwie radhi, mjukuu wangu. Haya ni macho ya mzee.” Akakata kipande cha muhogo, akanipa, akakataa fedha. Nami nikakipokea, nikakila, nikaenda zangu.

Wenzangu wawili walijua. Hawakusema neno, wasiniaibishe mbele ya wenyeji wetu.

Alasiri tulifika Mkunazini, kwenye kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana. Mahali pale palikuwa soko la watumwa hata mwaka 1873, soko lilipofungwa kwa amri ya Sultani; na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Husimuliwa ya kuwa madhabahu yake imesimama pale ulipokuwapo mti wa kuwapigia watumwa mijeledi. Mwenzetu Mmakua, aliyelelewa katika kanisa hilo, alikuwa amefundishwa habari zake tangu utoto, akatueleza. Wengi waliouzwa mahali pale walitoka bara ya kusini, wakapitishwa Kilwa: Wayao, na Wanyasa, na Wamakua, na Wamakonde. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliopewa uhuru, akapita Lindi, akikusudia kuwarudisha pande za kwao. Walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakajenga, wakakaa. Ndio mwanzo wa Ukristo wa Masasi. Mwenzetu akasema, “Masasi imezaliwa hapa tuliposimama.” Kisha akanitazama, akanyamaza.

Ndugu, nikasimama mahali pale na ladha ya muhogo ule ingali kinywani mwangu. Nikawakumbuka wazee wetu wa uwanda wa Makonde. Waliwakimbia wakamataji wa watu, wakajificha katika vichaka vinene vya uwanda ule, juu, mahali pasipo mito. Mama zetu walishuka ukingo mrefu mpaka bondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Walichagua kiu kuliko minyororo. Na wale waliokamatwa walinyang'anywa vitu vitatu: jina lao, na ndugu zao, na lugha yao, na aliyewanyang'anya alihitaji bunduki na mjeledi. Nami siku ile nalivitoa vitu hivyo vitatu mwenyewe, bure, ili vijana wawili waniheshimu kwa muda wa mchana mmoja.

Asubuhi yake nalikwenda Darajani peke yangu. Mahali pake palikuwa patupu. Nikarudi jioni, hayupo. Siku ya tatu fedha yetu ikaisha, tukasafiri.

Nilipofika kwetu nilikaa majuma mawili, sina raha. Kisha nikaenda kwenye kijiji chake. Ndugu yake alikuwa hai, mzee sana, ameketi chini ya mkorosho. Nikamwambia ya kuwa dada yake yu hai, nimemwona kwa macho yangu. Akasimama, akaketi tena. Akasema kwamba walikwisha kumlilia na kuondoa matanga yake zamani. Kisha akaniuliza neno moja tu: “Naye je, ulimwambia ya kuwa mimi ni hai?”

Petro alimsikia jogoo alfajiri. Mimi nalimsikia mchana, chini ya mkorosho ule.

Katekisimo Ndogo yatufundisha Amri ya Nane, kwamba tusiseme uongo; nami naliivunja. Yatufundisha Amri ya Nne, tuwaheshimu wazazi. Na yule mwanamke, mwenye umri wa bibi yangu, nalimwaibisha njiani. Lakini chini ya dhambi hizo mbili ilikuwako nyingine, ambayo ni mama yao. Nalivunja Amri ya Kwanza. Nalikuwa na mungu mwingine, na jina lake ni macho ya watu. Huyo ndiye niliyemwogopa siku ile, na kumpenda, na kumtumaini kuliko vitu vyote. Kijana, mungu huyu hana hekalu wala sanamu, kwa hiyo hutamtambua upesi. Naye hukungojea bandarini na kwenye kituo cha mabasi. Amefika kabla yako.

Basi hiyo ndiyo sheria. Sikieni sasa Injili.

Mwinjilisti Luka asema kwamba jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama Petro. Alikuwa amefungwa, naye ana habari zake mwenyewe za kufikiri usiku ule; lakini alimtazama mtu aliyemkana. Na baada ya kufufuka kwake alimfuata Petro hata Galilaya, kwao, kwenye ziwa lake. Yohana aandika habari ya moto wa makaa mara mbili: kwanza uani, Petro alipokana, tena pwani ya ziwa, Bwana alipomngojea na samaki na mkate. Mara tatu Petro alikana. Mara tatu Bwana alimwuliza kama ampenda. Hakumwuliza kwa nini alikana. Akamkabidhi kondoo zake.

Kisha angalieni alimpeleka wapi. Angaliweza kumpeleka katika mji mwingine, ambako hakuna ajuaye habari za usiku ule. Lakini alimrudisha Yerusalemu, mji ule ule. Na hata siku ya Pentekoste Petro akasimama mbele ya watu akasema. Nao waliosikia walifahamu mara moja ya kuwa wasemao ni Wagalilaya. Roho Mtakatifu hakuyaondoa matamshi yale yaliyomshitaki Petro uani. Aliyachukua kama yalivyo, akayatumia, hata watu wa kila taifa wakayasikia matendo makuu ya Mungu, kila mtu kwa lugha ya kwao. Mungu hakuhitaji Petro awe mtu wa mjini ndipo amtume mjini.

Hata Martin Luther, baba yetu katika imani, alikuwa na siku yake ya kwanza. Tarehe 17 Aprili 1521, katika mji wa Worms, aliwekwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano na wakuu wa nchi, akaulizwa kama vitabu vile ni vyake, na kama atayakana yaliyomo. Akakiri kuwa ni vyake. Bali kwa swali la pili aliomba nafasi ya kufikiri. Hakuonekana shujaa siku ile. Akapewa siku moja. Na tarehe 18 akasimama, akaungama waziwazi, asirudi nyuma. Na baada ya hayo, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alilitia Agano Jipya katika lugha ya watu wa kwao, likapigwa chapa mwaka 1522. Mungu wetu ndiye atoaye siku ya pili.

Mimi nami nalipewa siku ya pili. Sikuwa na nauli ya kurudi Unguja. Nikaandika barua, maneno ya yule mzee kama alivyoyasema, na chini yake nikaandika ungamo langu kwa dada yake. Nikaipeleka kwa mmoja wa wale vijana wa mjini, nikamwambia ya kwamba nalimdanganya. Ya kwamba mimi ni Mmakonde wa Newala, na bibi yule ni mtu wa kwetu. Nalidhani atanicheka. Kijana yule, ambaye ni Mwislamu, alimtafuta bibi siku nyingi, akampata amelala mgonjwa, akamsomea barua mara tatu, kwa kuwa alitaka kuisikia tena na tena. Kisha akaniandikia jibu lake. Bibi alisema, “Mwambieni ndugu yangu nimesikia, sasa naweza kulala. Na yule kijana mwambieni asilie. Nalimjua tangu neno lake la kwanza. Kiswahili chake ni cha kwetu.”

Mimi niliyedhani nasema kama mtu wa mjini! Alinijua, naye akanipa muhogo. Tangu siku ile, kila nifikapo kwenye meza ya Bwana, naikumbuka mikono ile ikinikatia kipande bila kutaka fedha. Maana Bwana naye, usiku ule alipotolewa, alimpa Petro mkate, akijua atakavyosema kabla ya jogoo kuwika.

Basi, ninyi mnaohitimu mwaka huu, mkifika katika mji msioujua, utazameni kwa furaha. Yaoneni majumba yake, na bahari yake, na watu wake. Jifunzeni lugha ya wenyeji na adabu zao, maana kuheshimu wenyeji si kujikana. Lakini siku ya kwanza, kabla jua halijachwa, fanyeni mambo mawili. Msalimuni mtu mmoja wa kwenu kwa lugha ya kwenu, hasa akiwa mnyonge. Tena litafuteni kanisa, mkampe mchungaji wa hapo barua ya usharika wenu, wajue ninyi ni watu wa nani. Mkichelewa hata siku ya pili, ulimi utakuwa mzito. Hata mwezi wa pili, barua itakuwa imepotea sandukuni. Wala msimwache mwenzenu akane peke yake. Rafiki zangu walininyamazia kwa upendo. Lakini kama mmoja angalinishika mkono akasema, “Mjibu bibi,” ningalimjibu.

Iko mifano ya kuwatia moyo. Huko Kenya wako Wamakonde, ambao wazee wao walivuka mpaka zamani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Watoto wao walizaliwa huko bila kuhesabiwa kuwa raia. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hata mji wa Nairobi kuomba watambuliwe. Na serikali ikawakubali kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Watu hao waliingia mji mkubwa vumbi miguuni, nao waliingia ili walitaje jina lao.

Nanyi wazazi, mpeni mtoto ruhusa na baraka, lakini msimwambie, “Nenda ukawe mtu,” kana kwamba hapa nyumbani hakuwa mtu. Neno hilo ndilo mbegu ya aibu, nayo humea mbali, msikoiona. Na ninyi mliokwisha kukaa mjini, mgeni akija msiyacheke matamshi yake. Yule kijakazi hakujua ya kuwa neno lake jepesi, kando ya moto, lilikuwa kwa Petro mtego.

Na kama yuko asomaye haya, naye amekwisha kukana, pengine mwaka huu, pengine miaka arobaini iliyopita, asikate tamaa. Bwana hakumaliza habari za Petro uani. Andika barua. Nenda chini ya mkorosho. Utasikia aibu, kama nilivyosikia; lakini aibu hiyo ni mlango, na aliye ndani yake amewasha moto, na mkate upo.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyetujua tangu neno letu la kwanza, uwaongoze vijana wetu katika miji wasiyoijua. Uwape kulikiri jina lako, na kuwakiri watu wao, bila hofu ya macho ya wanadamu. Sisi tuliokukana, utugeukie na kututazama, uturudishe. Uwakumbuke wote wakaao mbali na kwao, wasio na wa kuwapelekea habari. Kwa kuwa wewe wawajua walio wako, sasa na hata milele. Amina.